Kijana anasema hana urithi Dodoma: kamera ianzie wapi?

Swali

Najitolea kusimamia klabu ya vijana ya mtaa wetu hapa Chang'ombe, Dodoma. Tuna vijana 14, wa miaka 15 hadi 19. Kuna simu nne zenye kamera nzuri, na kamera moja ya filamu niliyoachiwa na marehemu baba. Nataka watumie picha kuutafuta urithi wa hapa na kujitambua wao wenyewe. Kamati inashauri tukodi mavazi ya Kigogo, tuwapige vijana picha wakicheza ngoma, kisha twende Kolo kwenye michoro ya miambani. Shida ni kwamba zaidi ya nusu yao si Wagogo. Mmoja, ambaye wazazi wake walitoka Kigoma, aliniambia: "Mwalimu, mimi hapa sina urithi, nitawapiga picha wenzangu tu." Nianzie wapi, na nifanyeje ili kazi isiishie kuwa maonyesho ya mavazi?

Jibu

Mwalimu, anza na huyo kijana wa Kigoma. Yeye akipata cha kupiga picha, wote watapata. Lakini kwanza tumalize suala la mavazi, maana kamati inakusubiri.

Mavazi yasubiri. Kaniki, shanga na njuga zitapendeza ukutani, hilo halina ubishi. Ila kijana aliyevalishwa vazi ambalo hajawahi kuliona nyumbani kwao, akasimamishwa chini ya mbuyu na kuambiwa acheke, hajui njuga zile alizitengeneza nani, zilivaliwa kwenye shughuli ipi, wala kwa nini bibi yake aliacha kuzivaa. Aliyempiga picha naye hajui. Picha za aina hiyo tunazo tele tangu enzi za Mjerumani. Walther Dobbertin, mpiga picha wa Kijerumani aliyefanya kazi katika koloni hili mwanzoni mwa karne ya 20, aliacha mkusanyo mkubwa wa picha za watu na mandhari ya nchi yetu, na Hifadhi ya Nyaraka ya Ujerumani iliziweka nyingi mtandaoni mwaka 2008 ili kila mtu azione. Tafuta chache, waonyeshe vijana, kisha uliza: huyu anaitwa nani? Watasoma maelezo yaliyo chini ya picha, na kwa nyingi watakuta kabila au kazi ya mtu, jina halimo. Hapo utakuwa umeshaweka kanuni ya kwanza ya klabu hata kabla simu hazijatoka mfukoni. Picha zetu zitakuwa na jina la mtu, mahali pake na maneno yake mwenyewe, ilimradi ameridhia.

Sasa turudi kwa kijana wa Kigoma. Muulize wazazi wake walifikaje Dodoma, na kama hajui, akaulize nyumbani. Mji huu wenyewe ni mtoto wa reli. Kabla ya hapo Wajerumani walikuwa na vituo vyao Mpwapwa na Kilimatinde, na Dodoma palikuwa kijiji cha Wagogo tu. Reli ya Kati iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 ilifika hapa mwaka 1910, ikafika Tabora 1912 na Kigoma 1914. Mwaka 1973 TANU ikaamua makao makuu yahamie hapa. Serikali ikahamia kwa kishindo kuanzia 2016, mji ukapewa hadhi ya jiji mwaka 2018, na mwaka 2024 treni ya SGR ikaanza kuleta abiria kutoka Dar es Salaam. Kila hatua iliingiza watu: makuli, makarani, wafanyabiashara, wanafunzi, watumishi wa wizara, mafundi. Kuhamia Dodoma ni sehemu ya historia ya Dodoma yenyewe, kwa hiyo mtu aliyehamia hajakaa pembeni ya urithi wa hapa.

Kwa hiyo mpe kazi iliyo wazi. Akapige picha stesheni ya zamani na watu wanaoitumia. Akapige sanduku la bati alilokuja nalo mama yake, kama bado lipo, na kila kilichomo ndani, kimoja kimoja. Akapige rafu ya jikoni ambayo juu yake chupa ya mawese iliyotumwa na shangazi kutoka Kigoma imekaa jirani na mlenda mkavu ulionunuliwa soko la Majengo. Kisha amuulize mama: mlenda ulianza kuula lini, na nani alikufundisha kuupika? Jibu la mama liandikwe kama alivyolitamka. Rafu hiyo inaeleza Dodoma ya leo kwa ukweli zaidi ya vijana 14 waliovaa kaniki za kukodi, na hakuna aliyeweza kuipiga isipokuwa yeye.

Wale ambao ni Wagogo nao usidhani kazi yao ni nyepesi. Wengi wamezaliwa kwenye nyumba za bati na tofali, na Cigogo, lugha ya Wagogo, wanakisikia kidogo tu. Wapeleke pembezoni mwa jiji, Iyumbu, Ng'ong'ona, Ihumwa, Mtumba, mahali ambapo vijiji vimejikuta ndani ya mipaka ya viwanja vilivyopimwa. Waulize wazee kuhusu nyumba ya tembe: kuta za miti na udongo, paa bapa la udongo, vyumba vimezunguka uwanja wa mifugo. Paa lile lilikuwa pia mahali pa kuanikia nafaka na mboga. Nyumba ya bati ilipokuja, paa likawa la mgongo, na swali zuri kwa mpiga picha kijana ni hili: sasa mlenda unaanikwa wapi? Kwenye turubai? Kwenye bati la banda? Juu ya magunia? Akijibu swali hilo kwa picha tano au sita kutoka nyumba tofauti, atakuwa ameonyesha jinsi mila inavyohama ndani ya ua mmoja. Mzee akianza kusimulia Operesheni Dodoma ya mwanzoni mwa miaka ya 1970, familia zilipohamishwa kutoka makazi ya kutawanyika na kukusanywa katika vijiji vya ujamaa, mwache aseme. Simu irekodi sauti, kamera ishushwe. Wapo watakaoikumbuka kwa fahari na wapo watakaoikumbuka kwa uchungu, na kijana hana haja ya kuchagua upande.

Ningependa hatua ya pili iwe picha za zamani za familia, na hapa usiharakishe. Karibu kila nyumba ina kitu: albamu yenye kurasa zinazonata, picha ya ubatizo au ya maulidi iliyotiwa kioo, bahasha ya picha za pasipoti, picha ya babu akiwa jeshini, picha ya studio mama akiwa ameshika redio iliyokuwa ya mpiga picha. Kila kijana achague moja tu, akae na mtu mzima anayeifahamu, na aulize: nani yumo? Nani hayumo, na alikuwa wapi siku hiyo? Nguo ilikuwa ya nani? Mlikwendaje studio, na mlilipa nini? Nyuma ya picha kumeandikwa nini? Mara nyingi nyuma kuna mhuri wa studio, tarehe au salamu kwa ndugu wa mbali, na hapo ndipo historia ilipojificha. Swali la nani hayumo huwa ndilo linalofungua mengi, basi lisiulizwe la kwanza.

Zile picha za studio usiziache zichekwe. Vijana wataona pazia lililochorwa bahari au maua, na mjomba aliyesimama wima kama mlingoti, nao wataona ushamba. Waeleze kwamba mjomba alichagua. Alichagua shati, saa ya kuazima, mkono uwekwe wapi. Huko Bamako, Mali, Seydou Keïta alifungua studio yake mwaka 1948, na picha alizowapiga wateja wake leo zinatundikwa kwenye majumba makubwa ya sanaa duniani, sababu mojawapo ikiwa ni kwamba zinaonyesha watu walivyotaka kuonekana. Mimi sina ugomvi na pozi. Mtu akichagua pozi lake mwenyewe, amekueleza jambo juu yake. Akipangiwa na kamati, ameieleza kamati.

Kupiga upya picha ya zamani kwa simu kuna ufundi mdogo. Ilaze mezani karibu na dirisha, mahali ambapo jua haliingii moja kwa moja, zima flashi, simu iwe sambamba na picha ili pembe zisipinde. Piga mbele, piga na nyuma. Kama picha imegandana na kioo cha fremu, msijaribu kuibandua, itachanika. Ipigeni ikiwa ndani ya kioo, mkiinamisha fremu kidogo mpaka mng'ao utoke. Kisha irudishwe siku ileile. Nasisitiza siku ileile, kwa sababu picha nyingi za familia zimepotelea mikononi mwa watu wenye nia njema waliosema wataileta kesho.

Ukishapata picha hizo na majibu yake, kaa na kundi zima chini ya mti au kwenye ofisi ya mtaa, kila mmoja aeleze yake. Kuna mbinu inayotumika duniani kote ambayo ilianzishwa na Caroline Wang na Mary Ann Burris walipofanya kazi na wanawake wa vijijini katika jimbo la Yunnan, China, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Wanawake wale walipewa kamera wapige maisha yao, wakazijadili picha pamoja, kisha zikafikishwa kwa wenye mamlaka. Nguvu ya mbinu hiyo iko kwenye mazungumzo. Kwenye klabu yako, saa moja ya kupiga ifuatwe na saa mbili za kuongea. Vijana watalalamika mwanzoni.

Kwenye ngoma sasa, maana najua hamtaziacha, na hampaswi kuziacha. Ugogo ni nchi ya muziki. Marehemu Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, aliutoa huku na kuufikisha kwenye majukwaa ya Ulaya na kwingineko akiwa na zeze, ilimba (marimba ya kupigwa kwa vidole gumba) na sauti yake, na Chamwino huwa na tamasha la muziki wa Cigogo linalokusanya vikundi kutoka vijijini. Nendeni, lakini picha za jukwaani ziwe chache. Wafike mapema, wapige maandalizi: ngozi ya ngoma ikipashwa moto hadi ikaze, kina mama wa muheme, ngoma ya wanawake wa Kigogo, wakibana ngoma katikati ya magoti na kujaribu mlio, mzee akisogeza vyuma vya ilimba kutafuta sauti, binti akifungwa njuga na mama yake. Waulize: nani alikufundisha? Wewe umemfundisha nani? Jibu la swali la pili likiwa "bado sijapata mtu", andikeni hivyo hivyo. Na mkienda kwa wazee, vijana wote, hata wa Kigoma na wa Kilimanjaro, wajue kusema "Mbukwa" kabla ya kitu kingine chochote. Mzee akishaamkiwa kwa lugha yake, mara nyingi yeye ndiye atakayeuliza mmekuja kutafuta nini.

Urithi wa mkoa si wa makabila tu. Kongwa iko ndani ya mkoa huu. Pale ndipo Waingereza walipojaribu mradi mkubwa wa karanga kuanzia 1947, ukaporomoka ndani ya miaka michache, na pale ndipo katika miaka ya 1960 wapigania uhuru wa FRELIMO ya Msumbiji, ANC ya Afrika Kusini, SWAPO ya Namibia na vyama vingine walipokuwa na kambi. Kijana asiyejiona katika Ugogo wala Urangi kule Kondoa anaweza kujiona hapo.

Kuhusu Kolo, nawapa ndiyo, ila muifanye ya mwisho, wakishazoea kuuliza kabla ya kupiga. Ni kilomita zipatazo 180 kaskazini mwa Dodoma, barabara ya Babati, mkishaupita mji wa Kondoa. UNESCO iliiingiza michoro ya Kondoa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006. Mwanaakiolojia Mary Leakey alinakili mingi kwa mkono mwaka 1951, siku ambazo kamera za rangi zilikuwa hazitoshi kwa kazi ile. Mtaona michoro myekundu ya watu warefu wembamba, pofu, twiga, tembo, ambayo wataalamu huihusisha na jamii za wawindaji, na mtaona myeupe, minene, iliyopakwa kwa vidole, ambayo huhusishwa na wakulima na wafugaji waliofuata. Kwenye miamba mingine myeupe imepakwa juu ya myekundu. Mwambieni kila kijana atafute mahali ambapo rangi hizo mbili zimepandana, apige hapo. Ni mjadala mzima juu ya nani alikuwa hapa kabla ya nani, na ni mjadala ambao Wasandawe na Warangi wa leo wana neno la kusema ndani yake. Wasikilizeni.

Kuna jambo ambalo wageni wengi hawaambiwi. Mongomi wa Kolo, mojawapo ya miamba yenye michoro hiyo, si makumbusho. Wenyeji bado huenda pale kuomba mvua na uponyaji. Pitieni ofisi ya mambo ya kale pale Kolo, mchukue kiongozi, na mkikuta watu wana shughuli yao, kamera zote zishuke mpaka mtakapoambiwa vingine. Kuta zisiguswe, hata kwa kidole kimoja: mafuta ya ngozi hubaki pale. Wasitumie flashi. Na asitokee mtu wa kumwagia mwamba maji au soda ili rangi ikolee kwenye picha. Hilo limefanyika sana miaka ya nyuma, na kila mara maji yanaondoka na kitu au kuacha ukungu wa chumvi. Kwa kazi hiyo ipo programu iitwayo DStretch, iliyotengenezwa na Jon Harman, ambayo inachukua picha ya kawaida na kuzikuza rangi zilizofifia mpaka mchoro usioonekana kwa macho ujitokeze kwenye skrini. Pigeni picha kukiwa na kivuli, au siku ya mawingu, wekeni rula pembeni bila kuigusisha kwenye mwamba, kisha mkirudi mzipitishe kwenye programu hiyo. Nimeona vijana wasiojali historia hata kidogo wakigombania kompyuta twiga anapoanza kutokea. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inailinda michoro hii, kwa hiyo kuandika jina mwambani ni kosa la jinai, na walioyaandika yao zamani mtayaona mtakapofika.

Mkiwa njiani kurudi, simameni mahali penye mwonekano wa vilima vya Kondoa. Mmomonyoko wa udongo huko ulikuwa mbaya kiasi kwamba serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa katika eneo lililoharibika zaidi. Makorongo mengine leo yana nyasi na miti. Mzee wa Kirangi akikuonyesha alipochungia ng'ombe akiwa mtoto, mpigeni picha akiwa amesimama hapohapo, anaelekeza mkono. Ardhi nayo ni urithi, ingawa watu wa makumbusho huisahau.

Ruhusa. Hapa nitakuwa mkali. Beba barua ya utambulisho, na mpitie kwa mwenyekiti wa mtaa au wa kijiji kabla ya kuingia kaya yoyote. Kwa mtu mzima, kuna ruhusa mbili: ya kupigwa picha, na ya picha kuonyeshwa kwa wengine. Bibi anaweza kukubali ya kwanza na kuikataa ya pili, na amemaliza. Kwa aliye chini ya miaka 18, mzazi au mlezi akubali, na mtoto mwenyewe naye akubali. Hilo linawahusu pia vijana wako wenyewe, kwa hiyo pata saini za wazazi wao kabla ya safari. Tangu Mei 2023 Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inatumika nchini, na sura ya mtu inayotambulika ni taarifa yake. Msilipe watu kwa kila picha, maana mtaa mzima utageuka soko na wazee watasema mnachotaka kusikia. Mgeni kubeba sukari, chumvi au sabuni ni adabu ya kawaida, na zawadi halisi ni picha iliyosafishwa na kurudishwa. Msiende mikono mitupu mara ya pili.

Yapo yasiyopigwa. Jando na unyago, matambiko mkishaambiwa hapana, makaburi ya watu bila idhini ya ukoo, mganga akiwa kazini. Ikulu ya Chamwino, kambi za jeshi na majengo ya aina hiyo pia muyaache, na mtu akiwaletea droni, mwambieni kwanza kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Na ikitokea kijana amekuja na habari kwamba mtoto wa kike anaandaliwa kukeketwa, hiyo siyo mada ya picha, hata mtu aiite mila mara mia. Ukeketaji wa aliye chini ya miaka 18 ni jinai tangu sheria ya mwaka 1998. Namba ya kupiga ni 116, au mwende Dawati la Jinsia na Watoto polisi.

Ufundi wa simu hauhitaji kurasa nyingi. Jua la Dodoma ni kali na vumbi la kiangazi halina huruma, hivyo pigeni kati ya saa 12:30 na saa 2 asubuhi, au kuanzia saa 11 jioni. Mchana mtu akae kivulini, chini ya mti au mlangoni akitazama nje, si akiwa na ukuta mweupe nyuma yake. Simu itaufuata mwanga wa ukuta na uso utakuwa giza. Gusa uso wake kwenye skrini kabla ya kubonyeza. Zimeni filta za urembo, zote. Zinalainisha ngozi na kuing'arisha, na bibi mwenye chale usoni na masikio yaliyotogwa na kuvutwa hadi yakaning'inia atatoka kama binti wa tangazo la mafuta. Msivute kwa vidole, msogee kwa miguu. Futeni lenzi kwa kitambaa kisafi kila mara. Ni ushauri wa kijinga, na nusu ya picha zenye ukungu ninazoletewa zinatokana na kuupuuza.

Daftari ndilo litakaloiokoa kazi hii miaka 20 ijayo. Kila picha itakayobaki iwe na: nani, wapi, siku gani, nani alipiga, ruhusa gani imetolewa, na sentensi moja ya mhusika. "Mama wa Kigogo akianika mboga" ni maelezo ambayo Dobbertin angeweza kuyaandika. Linganisha na haya: jina la mama, Ihumwa, Julai, anaanika mlenda juu ya bati la banda la kuku, asema, "Zamani nilipanda juu ya tembe, sasa nikipanda juu ya nyumba nitatoboa bati la mwanangu." Ukisoma hayo unaiona picha hata kabla hujaiangalia. Faili lenyewe litunzwe lilivyo. Ukiituma kwa WhatsApp kama picha ya kawaida inabanwa, na taarifa za siku na saa zinafutika. Itume kama dokumenti, au mnakili kwa waya. Wekeni nakala mbili, na zisikae nyumba moja.

Maonyesho ya kwanza yafanyike walikopigwa picha, kabla ya mjini. Kamba, vibanio vya nguo, picha zilizosafishwa kwa ukubwa wa kadi, na kalamu mkononi mwa kila kijana, kwa sababu wazee watasahihisha: huyo si shangazi yake, ni mke mwenza, hilo si korongo lile, ni la pili. Sahihisho liandikwe kando ya picha na libaki pale. Mtu akisema picha yake iondoke, inaondoka siku hiyo, bila kumuuliza sababu. Baada ya hapo ndipo muombe nafasi jiji, au kwenye viwanja vya Nanenane Nzuguni mwezi wa Agosti. Na kamati yako, ikiwa bado inataka mavazi, sasa waruhusu: kijana ambaye bibi yake bado ana shanga zake sandukuni aziombe, amvishe bibi mwenyewe au azivae yeye akiwa ameketi pembeni ya bibi, na bibi aeleze zilivyopatikana.

Mwisho, kamera ya baba. Usifungue mgongo wake. Zungusha taratibu kile kitasa cha kurudishia filamu, upande wa kushoto kwa kamera nyingi. Ukihisi kinakaza, ndani kuna filamu aliyoiacha. Bonyeza kitufe cha chini kinachoachia filamu, irudishe yote mpaka kitasa kilegee, ndipo ufungue. Angalia maandishi kwenye kopo la filamu uyanukuu, kwa kuwa ya rangi na ya nyeusi na nyeupe husafishwa kwa dawa tofauti. Iweke mahali pakavu, pasipo joto, mpaka upate fundi anayesafisha filamu na kuziingiza kwenye kompyuta, na mweleze mapema kwamba imekaa miaka mingi. Filamu mpya usinunue kabla hujampata fundi huyo.